Somo: Tangazo la Google lisikumalize (kwa wenye nyumba za wageni Malindi)

Wiki hii nimeulizwa mara nne jinsi ya kutangaza nyumba ya wageni Google bila kuliwa pesa, moja nikiwa kwa kinyozi na povu kidevuni. Naandika hapa mara moja tu. Atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

1. Fungua akaunti ya Google Ads (huko ndiko unakonunua tangazo, ukilipa kila mtu anapolibofya), weka kadi, chagua kampeni ya utafutaji, yaani tangazo linalotokea mtu akitafuta kitu Google.

2. Kuna visanduku viwili vya kutoa tangazo lako nje ya Google: kimoja cha tovuti washirika, kingine cha kurasa za watu wengine. Utavikuta vimeshatiwa alama. Viondoe alama.

3. Mahali: weka walipo wateja, si ilipo nyumba. Wangu wako Nairobi na Italia. Halafu chagua "waliopo" tu, uache "wanaopendezwa na mahali hapo".

4. Maneno, yaani yale ambayo mtu akiyatafuta, tangazo lako litokee. Hapa ndipo nilipoliwa. Mwaka juzi, likizo ya Agosti ikikaribia, niliandika "nyumba Malindi" hivi hivi, bila alama yoyote. Bajeti shilingi 500 kwa siku. Saa tano asubuhi pesa zimekwisha, na simu haijalia. Nikajitia ujanja, nikapandisha hadi 1,000. Siku ya tisa ndipo nikafungua ripoti ya yale watu waliyoandika hasa: wengi walikuwa wakitafuta Malindi ya Unguja, kule zinakofunga feri! Wengine walitaka nyumba ya kupanga kwa mwezi, mmoja kiwanja, mwingine kazi ya upishi. Wote hao niliwalipia mimi.

Basi sikiza. Neno likiwa tupu, Google hulichukua kwa upana na kukuletea hata jirani zake. Ukilitia alama za kunukuu, lazima maana yake iwemo katika alichoandika mtu. Mabano ya mraba ndiyo makali zaidi: maana ileile, basi. Anza na mabano. Kisha weka maneno ya kuzuia, ambayo mtu akiyaandika tangazo lako halitoki: Unguja, Zanzibar, feri, kazi, kiwanja, bure. Na uangalie, kwenye kuzuia umoja na wingi ni vitu mbali mbali. Ukizuia "kiwanja", "viwanja" anapita mlango wa nyuma.

5. Ile ripoti ya waliyoandika watu ifungue kila Jumatatu.

6. Tangazo la chumba lifungue ukurasa wa chumba hicho, picha na bei viwepo. Tangazo na ukurasa vikiendana na alichotafuta mtu, bei ya kubofya hushuka.

MASWALI

Mkaa Watamu: Nimeweka 500, jana nimekatwa 900. Huu si wizi?

Jibu: Si wizi. Siku moja yaweza kufika mara mbili ya bajeti. Mwezi ndio hauvuki bajeti ya siku mara 30.4, kwako ni 15,200. Anayetaka kulala usingizi ahesabu kwa mwezi.

Kijana wa Mambrui: Kila saa nalitafuta tangazo langu, nikiliona nalibofya nione kama lafunguka. Mbona pesa zaisha haraka?

Jibu: Umejijibu. Ndani ya akaunti kuna pa kulitazama tangazo bila kulibofya. Na somo ulisome, usilipitie.

Binti Shela: Shekhe, sisi huku Lamu twatembeza wageni kwa mashua. Wengi hutafuta wakishafika, jioni wamekaa kwenye baraza. Hatua ya 3 si itanifungia mlango?

Jibu: Dadangu, swali hili ndilo nililokuwa nikilingoja. Kwako geuza: weka Lamu yenyewe, "waliopo" ibaki vilevile. Tangazo litoke saa kumi jioni hadi saa nne usiku, wakati simu iko mkononi mwako. Zuia "inauzwa", "zinauzwa" na "bandari", la sivyo utawalipia wanaotaka kununua mashua na wanaotafuta ajira bandarini.

Mwenye Vyumba: Na maneno ya Kiitaliano?

Jibu: Yafungulie kampeni yake. Google haitafsiri tangazo lako. "Casa vacanze Malindi" (nyumba ya likizo Malindi) kwenye mabano, tangazo la Kiitaliano, ukurasa wa Kiitaliano. Mimi Waitaliano niliwapeleka kwenye ukurasa wa Kiingereza, wakaingia na kutoka.

Mwenye Vyumba: Nani alikutafsiria?

Jibu: Muuza vinyago mmoja, kwa chai na mahamri mawili. Lakini bei alitaka kuziandika kwa yuro za kwake, nikamnyang'anya kalamu.

Mkaa Watamu: Nipe namba yake.

Jibu: Namba sitoi. Nenda sokoni na mahamri.