Kuotesha choroko na nafaka kwa ajili ya kasuku

Anayejua kutengeneza kimea cha togwa ameshajua nusu ya kazi hii: mbegu zinarowekwa, zinachujwa, zinaachwa zitoe mkia. Tofauti ni kwamba kimea huanikwa kikauke na kusagwa, ilhali kasuku anakula mbegu mbichi na zenye maji. Hali ile ile inayoamsha mbegu ndiyo inayoamsha ukungu na bakteria, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kusuuza na kukausha. Kuota kwenyewe mbegu zinajua.

Faida yake ni kubwa hasa kwa kasuku aliyelelewa kwa alizeti kavu. Ndege wa namna hiyo anapata mafuta mengi na vitamini A kidogo, na ukimwekea mchicha anautazama kama adui. Mbegu iliyoota kwake bado ni mbegu, ila ina maji, ni laini, na inamzoesha chakula kibichi.

Mbegu gani

Anza na choroko. (Kenya ni ndengu, Mombasa pojo, Zanzibar chooko, usichanganye na dengu kubwa za rangi ya maziwa.) Zinaota haraka na kosa huonekana mapema. Baadaye ongeza ngano nzima, uwele, au adesi nzima za kahawia. Adesi nyekundu zilizopasuliwa hazioti, zinaoza tu. Alizeti nayo inafaa ikiwa haijakaangwa wala kutiwa chumvi, lakini iwe kidogo, maana ganda lake hubeba ukungu kuliko mbegu nyingine zote hapa.

Mtama uache. Mche mchanga wa mtama una kemikali inayotoa sianidi. Ndiyo maana wafugaji hawaruhusu ng'ombe kuingia shamba la mtama uliochipua. Ukitaka nafaka ndogo, uwele unatosha. Maharage nayo yasiingie kwenye chupa, yawe mekundu, ya njano au ya soya: yana sumu inayoondolewa kwa kuchemshwa barabara, si kwa kuoteshwa. Karanga mbichi pia hapana, kwa sababu ya sumukuvu.

Nunua mbegu za kula, sokoni au dukani kwa mangi. Mbegu za kupanda kutoka duka la pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa ya kuua kuvu au wadudu. Rangi ya waridi, kijani au buluu ndiyo alama yake, na haitoki kwa kuosha.

Kabla ya kuotesha kiasi kikubwa, pima. Weka mbegu 20 juu ya tishu iliyolowa ndani ya sahani, funika, subiri siku mbili. Zisipoota angalau 16, hizo pika mboga. Mbegu iliyokufa huoza ya kwanza na kuwaambukiza jirani zake, na kopo lenye mbegu nyingi zilizokufa haliokolewi na kusuuza kokote.

Vifaa

Chupa ya glasi yenye mdomo mpana, ya nusu lita au zaidi, kitambaa chepesi cha neti, na mpira wa kufungia. Kipande cha chandarua cha zamani kinashawishi, lakini vyandarua vingi vimetiwa dawa ya mbu, na dawa hiyo haifai kugusa chakula cha kasuku. Wavu wa chuma wa kupakwa zinki nao uache: zinki ni sumu kwa ndege hawa. Chupa ioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila mara kabla ya kuanza upya.

Kazi yenyewe

Kwa kasuku mmoja mkubwa, chukua vijiko viwili vya mezani vya choroko na kimoja cha ngano. Vikiota vinatoa vijiko sita hadi saba, yaani chakula cha siku tatu. Wengi hukosea hapa kwa kujaza chupa nusu, halafu wanabaki na bakuli la mbegu zinazochacha.

Peta, ondoa mawe na zilizotobolewa na wadudu, osha mara tatu au nne mpaka maji yawe meupe. Choroko na ngano zinazoelea zitoe. (Alizeti yenye ganda huelea hata ikiwa nzima, kwa hiyo kipimo hicho hakiihusu.) Mimina maji safi mara nne ya ujazo wa mbegu, kama maji ya bomba hayaaminiki, tumia yaliyochemshwa yakapoa.

Loweka saa 8. Ukiweka saa nne usiku, unachuja saa kumi na mbili asubuhi. Nairobi, Iringa au Mbeya wakati wa baridi, saa 10 hadi 12 ni sawa. Pwani wakati wa joto usivuke 8, kwani maji yakianza kutoa povu mbegu zimeshaanza kuchacha. Maji ya kulowekea mwaga, usimpe ndege.

Kisha funga neti, geuza chupa kichwa chini na uiegemeze ndani ya bakuli, mdomo ukiwa chini na hewa ikipita. Hapa ndipo mbegu nyingi zinapokufa. Kinachoziua kwa kawaida ni kijiko kimoja cha maji kilichobaki kwenye bega la chupa, mbegu za chini zikalala ndani yake usiku kucha. Ukisuuza, zungusha chupa, itikise, geuza tena, subiri dakika moja, tikisa tena. Suuza asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Sehemu za baridi mara tatu zinatosha. Iweke mbali na jua na mbali na jiko.

Asubuhi ya siku ya pili choroko zitakuwa na mkia wa milimita 3 hadi 5. Hapo ndipo pazuri, usingoje majani. Ngano huchelewa kidogo, na ikiwa na ncha nyeupe tu inatosha. Ukitaka zilingane, loweka ngano saa sita kabla ya choroko.

Ukungu au vinyweleo?

Ngano na uwele hutoa manyoya meupe laini kuzunguka mzizi, na watu wengi wametupa chakula kizuri kwa sababu yake. Chukua mbegu moja, itazame karibu na dirisha. Vinyweleo vya mzizi vimepangana sawasawa kuzunguka mzizi peke yake, na ukivimwagia maji vinalala na kupotea. Ukungu hautulii mahali pamoja: unatanda kama utando wa buibui kutoka mbegu hadi mbegu, hata juu ya ganda, una madoa ya kijivu au meusi, na ukisuuza hauondoki.

Kisha nusa. Mbegu nzuri zinanuka kama choroko mbichi au majani yaliyokatwa. Harufu ya uchachu, ya pombe au ya soksi, au utelezi kwenye vidole, maana yake tupa chupa nzima. Usichague zilizo nzima. Siki nayo haifufui kitu.

Kuhifadhi na kulisha

Baada ya kusuuza mara ya mwisho, tandaza mbegu juu ya kitambaa safi saa mbili mpaka zisilowe tena mkononi. Ziweke kwenye kopo lililotandikwa tishu, ndani ya friji, siku tatu zisizidi. Zinuse tena na kuzisuuza kabla ya kila mlo. Asiye na friji aoteshe kijiko kimoja kwa siku, chupa mbili zikipokezana.

Kasuku wa kijivu apewe kijiko kimoja hadi viwili vya mezani asubuhi, akiwa na njaa. Kasuku wadogo, kijiko cha chai. Toa masalio baada ya saa mbili, na pwani hata mapema. Akigoma, changanya kidogo sana na chakula alichozoea na uongeze taratibu kwa wiki moja au mbili. Kula mbele yake husaidia sana, maana kasuku huamini kinachoingia mdomoni mwa mwenye nyumba kuliko kilicho sahanini. Zako za kula wewe, hata hivyo, zichemshe kwanza.

Hata akizipenda, zisiwe mlo mzima. Karoti, boga, pilipili hoho na sukuma wiki ziendelee, na kasuku wa kijivu hasa ana tabia ya kupungukiwa kalsiamu, ambayo choroko haziwezi kuijaza. Akitapika, akiharisha au akijikunyata manyoya yamesimama baada ya kula, toa mbegu zote, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na umbebee sampuli ya mbegu zilizobaki kwenye kopo.