Pikipiki ya kwanza ikianza kukutia mashaka: mambo ya kuzingatia kabla hujaiuza

Miezi miwili mitatu baada ya kununua, waendeshaji wapya wengi hapa Tanga huanza kulalamika. Aliyechukua cc 150 anasema nzito, inamtisha. Aliyechukua cc 100 anasema haivuti akipakia mtu. Wa kwanza anatafuta ndogo, wa pili anatafuta kubwa, na wote wawili wako tayari kuuza kwa hasara wiki hii hii. Tulia kwanza.

Kama ni ya mkataba, huna cha kuuza. Kadi iko kwa mwenye mali na jina ni lake mpaka hesabu ya mwisho ilipwe. Ukitaka kubadilisha, zungumza naye kwanza, na mkubaliane kwa maandishi hela ulizokwisha kulipa zitahesabiwaje.

Angalia leseni yako. Daraja A ni la pikipiki zinazozidi cc 125, A1 ni la zilizo chini ya hapo. Mtu akihama kutoka ndogo kwenda kubwa bila kutazama daraja lake, tatizo huliona siku ya ajali, bima ikishataka kuiona leseni.

Kama umeinunua mpya na haijamaliza kilomita elfu moja, usiihukumu. Ringi za pistoni bado zinajikalisha, injini imebana, hata petroli inakula zaidi. Usiivute mpaka mwisho wala usikae kwenye mwendo mmoja saa nzima, na usiilazimishe kupanda mlima kwa gia kubwa. Oili ya kwanza imwage mapema, kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu chake, kwa sababu hiyo ndiyo inayotoka na unga wa chuma.

Sasa sema hasa kinachokukera ni nini. "Siipendi" si jibu, fundi hawezi kulitengeneza.

Ukisema haivuti, anza na waya wa klachi. Mkono wa klachi uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 15, ukipimia kwenye ncha, kabla haujaanza kubana. Ukikosa mchezo kabisa, sahani hazishikani sawasawa: mlio unapanda, mwendo haupandi, na ukiendelea hivyo zinaungua. Kisha isimamishe kwa stendi ya kati, weka gia huru, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Likisimama kabla halijamaliza mzunguko, breki imekamatia na injini inapigana nayo siku nzima. Fungua chujio la hewa. Waliozoea kukatiza njia za mashamba ya katani watakuta limekuwa jekundu kwa vumbi. Sponji ioshwe, ikauke, ipakwe oili kidogo, lakini la karatasi libadilishwe.

Halafu hesabu meno ya spoketi, yale magurudumu ya meno ya mbele na nyuma yanayopitiwa na cheni, hasa kama pikipiki ilipita mikononi mwa mtu wa boda aliyependa mwendo. Ikiwa mbele ni 14 na nyuma ni 42, spoketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo tairi linazunguka mara moja. Ukikuta 15 kwa 38 ni mara mbili na nusu tu. Hiyo itakimbia kwenye lami tambarare, ila mlimani na abiria italia. Jino moja la mbele ni sawa na matatu hivi ya nyuma, kwa hiyo usidharau tofauti ndogo. Rudisha idadi iliyotoka nayo kiwandani, na ukumbuke kwamba spoketi ya nyuma ikiongezeka cheni nayo itataka kurefushwa. Wengi waliotaka kuhama kutoka cc 100 wameishia hapo: spoketi mbili na cheni, pikipiki ikapanda.

Malalamiko ya "inatikisika" ndiyo yanayowapotezea watu hela nyingi zaidi, kwa sababu yanafanana na uoga, na mtu mgeni akiambiwa ni mwoga anakubali.

Kijana mmoja wa Makorora alinunua cc 150 iliyokuwa imefanya boda mwaka na nusu. Ndani ya mji haikuwa na neno. Akitoka kwenda Pongwe, mwendo ukifika 55 usukani unaanza kucheza mikononi, kidogo kidogo, kisha kwa nguvu. Lori la saruji likimpita, anahisi pikipiki nzima inahama. Kijiweni wakamwambia hiyo ina nguvu kuliko wewe, shuka kwanza kwenye 100. Akakubali, maana hofu alikuwa nayo kweli. Akaiuza kwa hasara ya laki nne.

Aliyeinunua aliipeleka kwa fundi Ngamiani kabla hajapakia hata abiria mmoja. Fundi akaisimamisha kwa stendi ya kati. "Kaa nyuma kabisa ya siti, mdogo wangu, tairi la mbele lielee." Akachuchumaa mbele, akashika miguu miwili ya fok, ile inayobeba tairi la mbele, kule chini, akavuta kwake, akasukuma. Tak. Akaweka kidole pale shingo ya fremu inapokutana na fok, akavuta tena. Safari hii mlio ukagonga kwenye kidole. Akasimama, akauzungusha usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Katikati ukanasa kidogo, kisha ukaachia. Beringi za shingo zilikuwa zimeachwa zimelegea muda mrefu mpaka gololi zikachimba vishimo kwenye vikombe vyake, na vishimo hivyo viko pale pale usukani unapokaa ukinyoosha.

Akahamia nyuma. Kwenye mikono inayoshika tairi la nyuma kuna alama za kurekebishia cheni, kila upande zake. Kulia mshale ulikuwa kwenye alama ya nne, kushoto kwenye ya pili na nusu. Mtu alikuwa anakaza cheni kwa kugeuza nati ya upande mmoja tu, na tairi likawa linatazama pembeni. Akapima upepo: nyuma psi 42, kwa sababu mwenyewe wa zamani alikuwa anabeba magunia. Tairi lililojazwa hivyo linagusa lami kwa mstari mwembamba katikati na linarukaruka kwenye kila kokoto.

Aliweka vikombe na gololi mpya kwa grisi ya kutosha, akakaza nati kubwa mpaka mchezo ukaisha, kisha akailegeza kidogo sana ili usukani udondoke wenyewe pande zote mbili bila kusukumwa. Hiyo hatua ya kulegeza ndiyo mafundi wenye haraka huiruka; ukikazwa kupita kiasi, pikipiki inayumba hata kwenye mwendo mdogo, kama mtu anayejifunza baiskeli. Akalegeza ekseli, ule mhimili unaopita katikati ya tairi la nyuma, akasawazisha alama, akaacha cheni na mlegeo wa milimita 25 hivi katikati. Upepo akaweka 25 mbele na 28 nyuma, akaelekeza 32 nyuma akipakia mtu. Gharama yote haikufika elfu hamsini. Wiki ya pili yule kijana wa Makorora aliikuta stendi ya Kange, imepakia mtu na begi, inaondoka kwa utulivu kwenye barabara ile ile iliyomtoa jasho.

Kwa hiyo, mtu wa usukani kucheza: beringi za shingo, alama za ekseli, mlegeo wa cheni, upepo. Kwa mpangilio huo, kabla ya tangazo la kuuza. Ikiwa bado inacheza, shika tairi la nyuma uligongeshe kushoto na kulia. Likicheza pamoja na mikono inayolishika, bushi za mikono hiyo zimeisha. Gonga kila spoki kwa spana ndogo: iliyokaza inalia ting, iliyolegea inatoa sauti butu. Tazama pia kama tairi limevimba sehemu moja. Upepo nilioutaja ni wa pikipiki za kawaida za cc 100 hadi 150 zenye tairi za inchi 17. Yako ikiwa na maandishi tofauti kwenye kitabu au kibandiko, fuata hayo.

Baada ya hapo ndipo uulize kama pikipiki hii haikufai, na jibu halimo kwenye cc, limo kwenye miguu yako. Ikalie umevaa viatu unavyovaa kila siku. Ukiwa peke yako, nyayo zote mbili ziguse chini, angalau nusu ya mbele. Kisha mpakie mtu, shokapu zibonyee, ujaribu tena kwenye barabara yenye mteremko wa pembeni. Nyingi za huku zina kilo 100 hadi 130, na tangi la lita 10 likijaa linaongeza kilo saba na zaidi. Isukume kinyumenyume, injini imezimwa, kutoka mahali penye mwinuko mdogo. Ilaze chini taratibu juu ya nyasi, mwenzako akiwa karibu, ufunge koki ya petroli, uitie gia ili isitembee, ugeuze usukani wote upande ilikolalia, uchuchumae ukiipa mgongo na kuinua kwa miguu. Ikikushinda hapo uwanjani, itakushinda zaidi kwenye tope. Basi badilisha, na usione haya. Kuchonga sponji ya siti kunasaidia sentimita mbili tatu, si zaidi.

Fikiria njia zako. Wa mjini, Ngamiani mpaka Chumbageni na Raskazone, cc 100 inamtosha na petroli inabaki. Anayepanda na mtu Muheza kwenda Amani anahitaji nguvu ya kupanda polepole kwa gia ndogo, pamoja na tairi zenye meno, kwa sababu udongo mwekundu ule ukilowa hauna huruma na tairi laini. Wa njia za mchanga kule Tongoni na Kigombe, wepesi unamsaidia kuliko nguvu: mchangani pikipiki nzito ikizama tairi la mbele, mikono haiitoi. Na mchangani breki ya mbele iguse kwa kidole tu.

Wanaokaa karibu na bahari, chumvi inakula. Spoki, vichwa vya spoki, chini ya eksozi, viungio vya waya za taa. Osha kwa maji baridi ya bomba kila wiki, kausha. Cheni ipake oili ya gia namba 90, kidogo, kisha ifute kwa kitambaa. Oili chafu ya injini inayopakwa bure kijiweni inashika mchanga, na mchanga na oili pamoja ni msasa.

Kabla hujachagua nyingine, pita kwa fundi wako umwulize spea ipi inapatikana leo leo, Tanga, si ya kuagiza Dar. Pikipiki nzuri inayosubiri waya wa klachi wiki mbili haikusaidii.

Ukinunua iliyotumika, nenda asubuhi na uguse injini kwa kiganja kabla ya salamu kuwa ndefu. Ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha iwasha ili usione inavyosumbua ikiwa baridi, subiri ipoe. Moshi wa bluu unaotoka ukiwasha tu kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu. Unaoendelea kutoka kila ukivuta ni ringi, na hiyo ni kufungua injini. Chomoa kijiti cha oili: oili nzito kama asali asubuhi hiyo inaficha jambo. Kagua fremu chini ya siti na pale kibebeo cha mizigo kinapofungwa, utafute alama za kuchomelea zilizopakwa rangi. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na kadi, tarakimu kwa tarakimu, angalia faini za trafiki kwa namba ya usajili, na hela ya mwisho itolewe mkiwa mmekwisha andikishana hati ya mauziano na mwenye jina lililo kwenye kadi. Si mdogo wake wala mtu aliyeachiwa. Umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato, mapema. Mwenye jina akisafiri au akifariki, utahangaika.

Helmeti baki na yako, na ya abiria iwepo.

Siku ya kuichukua, jifunze gia zake ikiwa imesimama. Nyingine zote hukanyagwa kwenda mbele, nyingine ya kwanza hukanyagwa na zinazofuata huinuliwa, na mguu uliozoea ule mpangilio utakosea katikati ya mzunguko wa barabara. Jaribu breki zote mbili kabla hujatoka uwanjani, piga indiketa, pima upepo kituo cha kwanza cha mafuta. Usipakie mtu wiki ya kwanza, hata akiwa ni jirani anayekwenda hapo hapo. Usianze safari ya Horohoro jua likizama. Mvua za masika zikiwa zimeanza, subiri dakika kumi lami ioshwe oili na vumbi ndipo uingie barabarani, na kwenye matuta shika usukani kwa mikono miwili.