Namna ya Kuandaa Ubia wa Nyumba na Ndugu au Marafiki

Kabla ya fedha yoyote kutolewa, kila mchangiaji aseme kama anakopesha au ananunua hisa. Mkopeshaji hurudishiwa fedha zake pamoja na riba waliyokubaliana, nyumba ipande bei isipande. Mwenye hisa hupata sehemu ya kodi ya wapangaji na ya bei ya mauzo, na hasara nayo humhusu. Fedha za shangazi zikiingia bila maandishi, yeye ataziona hisa na wapwa wataziona zawadi.

Anayesimamia mafundi na wapangaji naye anachangia. Naona ni heri alipwe ada inayojulikana kutoka kwenye kodi kuliko kupewa mapema hisa za kazi ambayo hajaifanya.

Hati ya umiliki isomwe kwa makini. Katika nchi nyingi wabia wanaweza kumiliki kwa mafungu, ambapo fungu la marehemu huenda kwa warithi wake, au kwa pamoja, ambapo humwendea mmiliki aliyebaki. Wengine huunda kampuni ili madeni ya nyumba yasifikie mali zao binafsi. Lakini benki ikiwataka wabia waudhamini mkopo, kinga hiyo hupungua sana, na mara nyingi kila mdhamini anaweza kudaiwa deni lote, wala si sehemu yake tu. Jambo hili aelezwe hata mwenye asilimia 10.

Matengenezo madogo aamue msimamizi, ila kuuza na kukopa kuhitaji ridhaa ya wote. Wawili wenye asilimia 50 kila mmoja wamtaje msuluhishi mapema.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni ya kutoka, nayo ndiyo watu wanaopendana huona haya kuizungumza. Mkataba useme kwamba anayetaka kuuza hisa zake ataanza na wabia wenzake. Bei itapangwa na mthamini asiye na maslahi. Na mnunuzi anaweza kulipa kwa awamu, tuseme kwa miezi 24, kwa sababu wachache huwa na fedha zote mkononi. Useme pia itakuwaje mbia akifariki, akitalikiana, au akishindwa kuchangia paa linapovuja: je, hisa zake zitapungua, au atakayemlipia atahesabiwa kuwa amemkopesha? Rasimu ikishakamilika, kila mbia aipeleke kwa wakili wake mwenyewe kabla ya kutia saini.