Kuuliza mtandaoni kuhusu kifaa cha kompyuta usichokitambua

"Hii ni kadi gani?" na chini yake picha moja yenye ukungu. Swali la namna hiyo halijibiki, hata likisomwa na fundi mzoefu. Sisi tunaojibu tunakitambua kifaa kwa maandishi na vipimo vyake, basi tuletee hivyo.

Hatua ya 1. Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Gusa chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini, kisha toa kifaa ukikishika kingoni. Futa vumbi kwa brashi laini.

Hatua ya 2. Piga picha pande zote mbili, rula ikiwa kando. Zima flashi, kwa sababu mng'ao wake hufuta herufi za chipu. Mwanga wa dirishani unaotokea ubavuni huzionyesha vizuri zaidi. Ongeza picha za karibu za kila chipu kubwa na za sehemu ya kuchomeka.

Hatua ya 3. Nakili maandishi yote herufi kwa herufi. Hapa ndipo wengi hupotea. Wanaona 94V-0 wakadhani ni modeli, kumbe ni daraja la bodi la kustahimili moto, na lipo kwenye bodi chungu nzima zisizohusiana. Namba inayoanza na E karibu na alama ya UL (shirika la Marekani linalopima usalama wa bidhaa) mara nyingi humtaja aliyetengeneza bodi tupu, si kifaa chenyewe. Tarakimu nne kwenye chipu, mfano 1432, mara nyingi ni tarehe: wiki ya 32 ya mwaka 2014. Vyenye thamani ni jina la chipu, namba iliyo kwenye kibandiko, na FCC ID (namba ya idhini ya Marekani kwa vifaa vya mawasiliano) kama kifaa kina redio, yaani kinarusha mawimbi kama Wi-Fi au Bluetooth. Namba ya ufuatano ya kifaa (ile ya pekee inayofuata S/N) na anwani ya MAC (namba ya pekee inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao) zifiche.

Hatua ya 4. Kama kifaa kinawaka, kirudishe mahali pake, washa kompyuta, kisha iulize yenyewe. Kwenye Windows fungua Device Manager, chagua kifaa, nenda Properties, Details, kisha Hardware Ids. Kwenye Linux andika lspci -nn, au lsusb kwa vya USB. Sehemu ya VEN humtaja mtengenezaji: ukiona VEN_10DE, ni NVIDIA; 8086 ni Intel. Nakili mstari mzima, pamoja na sehemu ya DEV, inayotaja kifaa chenyewe.

Hatua ya 5. Sasa andika swali, ukisema kilikotoka na unachotaka kukifanyia:

"Kadi ya M.2 (aina ya kadi ndogo bapa ya kuchomeka), milimita 30 kwa 42, ina soketi 2 za antena. Ilikuwa ndani ya kompyuta mpakato. Maandishi na picha viko hapa chini. Nataka kujua kama ni modemu ya laini ya simu (SIM), na draiva ipi inaifaa."

Wakati unasubiri jibu, usijaribu kukiwasha kwa kebo iliyokuwepo karibu. Kebo za pawasaplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) za watengenezaji tofauti huweza kuingia vizuri kabisa huku mpangilio wa volti ukiwa mwingine, na kifaa kikaungua.