Ukuta wa mpakani: anza kupiga picha mchangani

Mara ya kwanza nilipofika kwenye ukuta wa nguzo za chuma unaotenganisha Arizona, Marekani, na Sonora, Mexico, nilipiga picha nyingi za chuma tu. Siku ya tatu nikatazama chini. Nyayo za kulungu zilikuja moja kwa moja hadi kwenye nguzo, zikaambaa na ukuta hatua kama thelathini, zikageuka, zikarudi, zikaambaa tena. Mchanga ulikuwa umechimbika pale alipokuwa akigeukia. Picha yangu ilikuwa pale.

Kwa hiyo tafuta mapito kwanza: makorongo, visima vya asili, vichochoro kwenye vichaka. Nenda alfajiri, kabla upepo haujafuta nyayo. Jua likiwa chini upande mmoja, kila unyayo hupata kivuli chake. Piga magoti, tumia lenzi pana, nyayo ziwe kubwa mbele na nguzo zisimame nyuma.

Kimo cha ukuta kinahitaji kipimo. Sehemu nyingine hufika mita 9, na nafasi kati ya nguzo ni kama sentimita 10: mjusi anapita, kulungu hapiti. Alejandro Prieto wa Mexico alimpiga picha ndege mkimbiaji wa jangwani akiwa amesimama peke yake mbele ya ukuta huo, na picha ikashinda tuzo kubwa ya picha za ndege mwaka 2021. Udogo wa ndege yule ndio unaokufanya uuhisi ukuta.

Mvua za majira ya joto zikinyesha, rudi. Matawi na takataka hukwama kwenye nguzo, maji yakapanda upande mmoja. Simama palepale uliposimama wakati wa ukame, lenzi ileile, kisha weka picha mbili pamoja.

Kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, ifunge usawa wa goti, isielekee mashariki wala magharibi jua likaipofusha, na ukate nyasi zilizo mbele yake. Omba kibali kwa wasimamizi wa eneo. Usiweke chambo, na usikae kati ya mnyama na maji. Kwenye jangwa lile, kumchelewesha kunywa ni kumuumiza.

Kwenye maelezo andika tarehe, upande uliosimama na ulichokiona. Ukiona nyayo, andika nyayo. Usiandike kwamba kulungu alikufa. Na ukibahatika kumpata jagwa, paka mkubwa mwenye madoa wa Amerika, futa alama za mahali kwenye faili kabla hujamwonyesha mtu yeyote, maana wawindaji nao hutazama picha.