Namna ya kumpa uhai muhusika wa katuni ya anga kwa sauti yako

Kama una katuni yako ya mambo ya anga, iwe umeichora mwenyewe au umeitwa tu uweke sauti, usianze kwa kutafuta sauti ya ajabu. Anza na mtu. Jiulize huyu anataka nini, anaogopa nini, na kuna jambo gani anamficha anaezungumza nae, na hilo la mwisho ndo kubwa kuliko yote.

Tuseme muhusika ni nahodha wa chombo, mwanamke, kazaliwa Wete, yuko Mirihi, na skripti inasema "Mama, sote salama huku." Ukiisoma hivo hivo inakua taarifa ya habari. Lakini ukishajua kwamba hewa ya chomboni inapungua na hataki mamaake ajue, ule "mama" utachelewa kidogo, "sote salama" itatoka haraka mno kuliko kawaida, na hujabadilisha sauti hata chembe ila msikilizaji kashashtuka. Halafu kumbuka ujumbe wa kutoka Mirihi unachukua kama dakika 3 mpaka 22 kufika duniani, inategemea sayari ziko mbali kiasi gani, kwa hivo hapo hakuna kujibishana. Sema kama unamtumia mtu voisi ya WhatsApp na hujui ataisikiliza saa ngapi, zile sehemu za kusita ndo zinamjenga mtu.

Msikilizeni muigizaji wa sauti Dee Bradley Baker kwenye katuni ya anga Star Wars: The Clone Wars iliyoanza 2008. Yeye ndo sauti ya maaskari kloni, na kloni wote ni nakala za mtu mmoja, maana yake hawezi kukimbilia sauti nene na nyembamba tu, lazima awatenganishe kwa tabia. Kwenye katuni nyengine ya kloni hao, The Bad Batch ya 2021, utamsikia kloni Tech anaongea harakaharaka kama mtu wa hesabu, mwenzake Crosshair maneno machache na makavu, na sauti zote ni za Baker huyo huyo mmoja! Jaribu na wewe, chukua sentensi moja, "mlango haufunguki," iseme kama mtu anaeogopa, kama aliechoka, kama anaejua nani kaufunga. Sauti ibaki ile ile.

Roboti: wengi wanakatakata maneno na kutoa sauti ya bati. Achaneni na hilo, efekti ataweka mtu wa kuediti, wewe mpe sauti safi. Kinachomtenga roboti na binadamu ni pumzi. Binadamu aliefungiwa ndani ya helmeti pumzi zake zisikike, roboti asipumue kabisa, hata sentensi iwe ndefu vipi (rekodi vipande vipande ikibidi).

Na lafudhi jamani. Nahodha wa Pemba aongee Kipemba chake, lakini awe nahodha kweli sio kichekesho, mimi hili linaniuma sana. Kama hukukulia kule mtafute mtu wa Micheweni au Wete akusomee laini (maneno ya muhusika kwenye skripti) kwanza umsikilize. Kimakunduchi, lahaja ya kusini Unguja, hivo hivo, usikibahatishe.

Kurekodi simu inatosha. Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake nene zinazuia kelele ila chumba kitupu kina mwangwi, kwa hivo weka magodoro na mablanketi au ingiza kichwa kwenye kabati la nguo. Zima feni, angalia saa za adhana, na mvua ikipiga kwenye mabati subiri tu. Simu iwe kama shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili P na B zisipulize.

Laini za kupiga kelele, kulia na kufa ziacheni mwisho kabisa, maana koo likishakwaruza yule nahodha wa mwanzo humpati tena mpaka kesho.