SOMO: Moyo unapokwenda mbio ukaona unakufa, fanya hivi

Habari zenu ndugu zangu. Kwa muda sasa nimekuwa nikiulizwa jambo lilelile na watu tofauti: moyo unaanza kwenda mbio bila sababu, pumzi inakata, vidole vinaingia ganzi, unaona kabisa roho inatoka. Unakimbizwa hospitali, unapimwa, unaambiwa huna kitu. Kesho kutwa inarudi. Hili linaitwa shambulio la hofu. Nimeishi nalo miaka mitatu, na leo naandika yote niliyojifunza. Mimi si daktari. Haya nimeyapata kwa walionitibu na kwa mwili wangu mwenyewe.

Langu lilianza ndani ya pantoni, natoka Kivukoni kwenda Kigamboni, wiki tatu baada ya kumzika kaka yangu. Yeye alianguka ghafla nyumbani kwake, ana miaka 41. Tulipofika katikati ya maji kifua kikabana, miguu ikalegea, nikashika chuma cha pembeni na kuanza kuomba toba kwa sauti. Tulipotia nanga nilipanda bodaboda mpaka zahanati. Presha ikasoma 165 kwa 100, nikaandikiwa vidonge vya presha palepale. Wiki mbili baadaye nilipimwa kwingine nikiwa nimetulia, ikasoma 118 kwa 76. Sikuwa na presha. Nilikuwa na hofu, na hakuna aliyeniuliza kama nimefiwa.

Hatua ya 1: Pima vizuri, kisha acha kupima

Usijiambie mwenyewe kwamba ni hofu tu kabla ya kuonwa na daktari. Omba kipimo cha umeme wa moyo (ECG), wingi wa damu, sukari, na homoni za tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili zinazofanana kabisa na hizi. Mwambie daktari ukweli kuhusu kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi na bangi. Hata dawa ya pumu ya kuvuta inaweza kuudundisha moyo.

Kuna dalili ambazo hazisubiri somo lolote. Maumivu mazito ya kifua yanayosambaa kwenye mkono, taya au mgongo. Maumivu yanayokuja ukitembea au ukipanda ngazi na kuacha ukipumzika. Kuzimia kabisa. Upande mmoja wa mwili kukosa nguvu. Pumzi kukata huku mguu mmoja umevimba, hasa kwa aliyejifungua karibuni. Hayo ni hospitali mara moja.

Lakini ukishapimwa na kuonekana mzima, simama hapo. Mimi mwaka ule nilipima ECG mara saba, hospitali tofauti ili wasinitambue. Kila jibu zuri lilinituliza siku mbili, la tatu nikaanza kuwaza: labda mashine ilikuwa mbovu.

Hatua ya 2: Elewa kinachotokea mwilini

Hapa ndipo mimi nilipoanza kupona, kwa hiyo soma polepole.

Unavuka barabara ya Mandela, lori linakupigia honi mgongoni. Kabla hujafikiri, umesharuka. Tezi ndogo zilizo juu ya figo zimemwaga adrenalini, moyo unadunda kupeleka damu kwenye miguu, pumzi inaongezeka, jasho linatoka, tumbo linasokota. Ukifika ng'ambo unasema "Mungu wangu!", unakaa chini, na baada ya dakika chache umetulia. Hukukimbilia hospitali, kwa sababu lori uliliona.

Shambulio la hofu ni mambo yaleyale, ila lori halipo. Akili inalitafuta. Inatazama nje, haioni kitu, inageuka kutazama ndani, inaukuta moyo unadunda, inasema: "Hili hapa!" Basi unauogopa moyo wako mwenyewe, adrenalini inamwagika tena, moyo unaongeza kasi, na hofu inapata ushahidi mpya. Ni mzunguko.

Ganzi ya vidole na midomo nayo ina maelezo. Ukihema harakaharaka unatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa. Damu inabadilika kidogo, mishipa ya kichwani inajibana, unapata kizunguzungu, vidole vinachomachoma, hata kujikunja. Unahisi hewa haitoshi, kumbe umevuta nyingi mno. Ile hali ya kuona dunia kama ndoto, sauti za watu zinatoka mbali, nayo imo humohumo. Si dalili ya kurukwa na akili.

Na kuzimia? Kwa kawaida mtu huzimia presha ikishuka. Kwenye shambulio la hofu presha hupanda. Ndiyo maana watu wengi huhisi wataanguka, wasianguke.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Ukifika 130 kwa hofu, ni kasi ambayo moyo mzima huifikia ukipanda ghorofa kadhaa kwa haraka, na unaimudu. Kilele cha shambulio mara nyingi hufika ndani ya dakika 10, kisha linaanza kushuka. Mwili hauwezi kukaa kileleni siku nzima hata ungetaka.

Hatua ya 3: Likija, kaa

Usikimbie. Kama uko kwenye daladala, baki kwenye daladala. Kama umesimama benki kwenye foleni, baki kwenye foleni, egemea ukuta.

Jiambie maneno mafupi. Mimi nasema: "Hili nalijua. Ni adrenalini. Lori halipo." Tayarisha yako sasa hivi ukiwa umetulia, maana likishaanza huwezi kutunga sentensi.

Shusha mabega. Vuta hewa kidogo kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa kwa mdomo taratibu ukihesabu mpaka sita, kama unapoza uji wa mtoto. Usivute pumzi kubwa. Kutoa ndiko kunakotuliza.

Tahadhari moja ambayo sikuambiwa mapema: ukipumua huku unajisemea "nikikosea kuhesabu nitakufa", bado unakimbia. Zoezi hili haliokoi maisha, kwa sababu maisha hayakuwa hatarini. Linakusaidia kukaa wakati hofu inapita.

Hatua ya 4: Weka chini mikongojo

Mikongojo ni vile vitu vidogo tunavyofanya tukidhani ndivyo vinavyotuweka hai. Kushika mshipa wa mkono. Kutazama mapigo kwenye saa kila baada ya dakika tano. Kukaa kiti cha karibu na mlango wa basi. Kutokwenda mahali pasipo na hospitali jirani. Kila ukifanya hivyo, akili inaandika: "Nimepona kwa sababu nilishika mshipa." Haipati nafasi ya kujua kwamba ungepona tu.

Acha mmojammoja. Kisha rudi kule ulikokukimbia, kwa ngazi. Mimi niliacha pantoni miezi minane, nikawa nazunguka na daraja. Kurudi kwangu kulikuwa hivi: wiki ya kwanza nilisimama getini tu kutazama watu wakipanda. Wiki ya pili nilivuka na mdogo wangu. Kisha nikavuka peke yangu, yeye akinisubiri ng'ambo. Kisha peke yangu kabisa, jioni, watu wamejaa. Hofu ilikuja kila mara, na kila mara ilikuwa fupi kidogo. Ukishafika mahali, usiondoke hofu ikiwa juu. Subiri ishuke.

Hatua ya 5: Kifo chenyewe

Wengi tunaopata hali hii kuna msiba nyuma yake, au ugonjwa wa mtu wa karibu, au uzazi uliokuwa wa hatari. Mimi ndiye niliyesimamia mazishi ya kaka: jeneza, gari, chakula cha waombolezaji, michango. Sikulia. Mtaalamu wa saikolojia aliponiuliza, "Kaka yako alikuwa mtu wa namna gani?", nililia saa nzima. Baada ya hapo mashambulio hayakuisha, lakini yalipungua makali. Kama una marehemu ambaye hujamlilia, tafuta mtu wa kukaa naye umzungumze.

Hatua ya 6: Tafuta tiba

Idara za afya ya akili zipo kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Muhimbili wana idara, Dodoma kuna Mirembe, ndugu wa Nairobi wana Mathari. Kwenda huko si kuwa kichaa. Kuna tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na tabia, na kuna dawa kama sertraline na fluoxetine. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi, kwa hiyo usikate tamaa na usiache ghafla bila daktari.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, mama mkwe anasema hili ni jini, tumeshatoa laki tatu kwa mtaalamu. Nifanyeje bila kumkosea adabu?

Jibu: Pole mdogo wangu. Usibishane naye. Mwambie, "Mama, naomba tuendelee na dua, na hospitali niende pia." Mimi niliomba na nikatibiwa. Lakini yeyote anayekwambia uache dawa, ufunge siku nyingi bila kula, au uongeze pesa, muepuke.

Swali: Langu linakuja saa nane usiku nikiwa usingizini. Nitakuwaje na hofu wakati nimelala?

Jibu: Hutokea kwa wengi, bila hata ndoto mbaya. Kaa kitandani, washa taa ndogo, pumua kama nilivyoeleza. Usichukue simu kutafuta dalili. Kama mwenzako anasema unakoroma sana na pumzi inakatika usingizini, hilo mwambie daktari, ni jambo jingine.

Swali: Nimesikia nipumulie ndani ya mfuko.

Jibu: Hapana kaka. Kama tatizo ni pumu au moyo, unajinyima hewa.

Swali: Mke wangu akishikwa mimi nachanganyikiwa. Nimwambie nini?

Jibu: Kaa naye usawa mmoja, ongea taratibu. "Nipo. Inapita. Toa pumzi pamoja nami." Usimwambie "acha woga" wala "huna kitu". Na usimbebe kukimbilia hospitali kila mara kama ameshapimwa, kwa sababu woga wako utamthibitishia.

Swali: Duka la dawa wananiuzia valiamu bila cheti, inanisaidia sana.

Jibu: Inatuliza haraka, na ndiyo hatari yake. Mwili huizoea, unahitaji zaidi, na ukiacha ghafla baada ya kutumia muda mrefu unaweza kupata degedege. Usiache leo kwa hasira. Nenda kwa daktari akupunguzie.

Swali: Naogopa kufa, lakini siku nyingine nimechoka naona bora nife.

Jibu: Ndugu yangu, asante kwa kulisema. Usilale nalo peke yako usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, na akusindikize hospitali. Nimekutumia ujumbe, nasubiri jibu lako.

Swali: Mimi ni mtu mzima, miaka 61, nina sukari. Kifua hubana nikipanda kilima kwenda msikitini, nikikaa kinaacha. Nimeanza kupumua kama ulivyosema.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hiyo siyo hofu ninayoieleza hapa. Acha mazoezi yangu, usipande kilima, na tafadhali mwambie mmoja wa watoto akupeleke hospitali leo hii, wakupime moyo.

Mwanachama: Marahaba binti. Kijana ameshawasha gari.